Watoto Watatu Ndani ya Kambi ya Wazee: Kisa Kimoja cha Arizona

Notisi ilikuwa ukurasa mmoja, imebandikwa kwa selotepu kwenye mlango wa trela, ile nyumba ya kuvutwa na gari ambamo familia inaishi, mwishoni mwa Oktoba. Ilisema kambi hii ya matrela ni ya watu wa miaka 55 na kuendelea, watoto hawaruhusiwi kuwa wakazi, na familia iondoke ndani ya siku 30. Waliosaini mkataba ni mume na mke kutoka Kivu Kusini, waliokaa miaka mingi kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kuhamishiwa Marekani. Baba anaendesha lori la masafa marefu. Mama anafanya usafi hospitalini, zamu ya usiku. Watoto wao ni watatu na wote wanasoma, mkubwa yuko darasa la saba.

Mimi huwasomea na kuwatafsiria watu wa jamii yetu hapa Phoenix barua za aina hii, ndiyo sababu waliniita. Ninakiandika kisa hiki kwa ruhusa yao, bila majina yao na bila jina la kambi. Familia zetu nyingi zinazidi kukimbilia matrela baada ya kodi za apatimenti kuzishinda, na naona wengi wanaingia kwenye kambi hizi bila kujua wanasaini kitu gani.

Walifikaje kwenye kambi ya wazee? Jibu liko kwenye hali ya hewa. Kuanzia Oktoba na Novemba, wazee wa Minnesota, Iowa, Dakota na wa upande wa Kanada hushuka Arizona kuikimbia theluji. Mesa, Apache Junction, Yuma na viunga vya magharibi mwa Phoenix vimejaa kambi zilizojengwa kwa ajili yao: nafasi za kuegesha zilizopangwa kwa mistari, kila moja na nguzo ya umeme, bomba la maji na shimo la maji taka, katikati ukumbi wa karata na bwawa la kuogelea. Ikifika Aprili wanaondoka, na hakuna wa kuwalaumu. Mwaka 2023 Phoenix ilipitisha siku 31 mfululizo ambazo joto lilifika nyuzi 43 za Selsiasi au zaidi. Trela ni bati na mbao nyembamba, na kiyoyozi kikikata saa nane mchana, mtoto mdogo hawezi kubaki ndani.

Kambi ikibaki tupu, nafasi hazilipi kodi. Kwa hiyo mwezi Mei, baba huyu alipopiga simu akiulizia mahali pa kuegesha trela alilonunua kwa mkono wa pili, meneja hakumkatalia. Alimwonyesha nafasi ya pembeni karibu na ukuta, akampa mkataba wa mwezi kwa mwezi na kuchukua dipoziti. Baba alimwambia wazi kwamba ana watoto watatu, na meneja akajibu kuwa majira haya hakuna shida, mradi watulie. Si maneno matupu hayo, kwa sababu kwenye simu ya mama upo ujumbe wa Juni, umetoka namba ya ofisi ya kambi, unaosema watoto wasiingie bwawani. Anayeandika ujumbe wa namna hiyo anajua vizuri kwamba watoto wapo.

Lakini ukurasa wa tatu wa mkataba, ambao baba aliusaini, una aya inayosema kambi inaendeshwa kama makazi ya wazee na kila nafasi lazima iwe na angalau mkazi mmoja wa miaka 55. Baba ana miaka 38.

Kwa hiyo kuna karatasi inayosema hivi na mdomo uliosema vile. Kodi ya Mei hadi Septemba ilipokelewa kila mwezi bila neno. Wazee waliporudi ndipo kanuni ikakumbukwa.

Ili kuelewa nani ana haki hapa, lazima turudi nyuma kidogo. Sheria ya Marekani ya kukataza ubaguzi katika makazi ilisainiwa na Rais Lyndon Johnson tarehe 11 Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa. Mwanzoni haikusema chochote kuhusu watoto. Wenye nyumba waliweza kuandika “hatupokei watoto” na kulala usingizi. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya wizara ya makazi, HUD, mwaka 1980 ulikuta takriban robo ya nyumba za kupangisha haziwapokei watoto kabisa. Bunge lilirekebisha sheria mwaka 1988, na tangu Machi 1989 ni marufuku kumkatalia mtu nyumba kwa sababu anaishi na mtoto wa chini ya miaka 18, au kwa sababu ni mjamzito.

Wazee nao wakaachiwa mlango wao, nao ulipanuliwa mwaka 1995. Makazi yanaweza kuwakataa watoto kihalali yakitimiza mambo matatu kwa pamoja. Angalau asilimia 80 ya nyumba zinazokaliwa ziwe na mtu mmoja wa miaka 55 au zaidi. Makazi yawe na sera inayoonyesha nia ya kuwa ya wazee, itangazwe na ifuatwe. Na umri wa wakazi uhakikiwe kwa uchunguzi unaofanywa upya angalau kila miaka miwili. Likikosekana moja, kinga inaanguka, na kumtoa mtu kwa sababu ya watoto kunakuwa ubaguzi.

Kuandika “watu wazima tu” kwenye lango hakutoshi. Kanuni za HUD zinasema wazi kwamba maneno kama hayo hayaonyeshi nia ya kuwa makazi ya miaka 55. Zipo kambi nyingi ndogo ambazo kinga yao yote ni kibao, na nyuma ya kibao hakuna faili.

Kwa nini faili lina uzito kiasi hicho, mji wa Youngtown, magharibi ya Phoenix, unaonyesha vizuri. Ulianzishwa mwaka 1954 ukiwa mji wa wastaafu, miaka kadhaa kabla ya jirani yake Sun City kufunguliwa Januari 1960. Katika miaka ya 1990 kijana mmoja alimkimbia baba wa kambo aliyekuwa akimtesa, akaenda kuishi Youngtown kwa babu na bibi yake. Mji ukataka aondoke na kuwatishia wazee wale faini ya dola 100 kwa siku. Suala likafika ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Arizona, ikachimbua nyaraka na kukuta mji hauna msingi wa kisheria wa kuzuia umri. Mwaka 1998 katazo likaondolewa. Mwaka 2000 mji ulikuwa na wakazi 3,010, na kufikia 2010 walikuwa 6,156. Mji mzima ulibadilika kwa sababu mtu aliuliza karatasi iko wapi.

Kwa hiyo nilipokaa na familia hii kwenye meza yao ya kukunja, swali langu la kwanza halikuhusu kama meneja anawachukia watoto. Niliuliza: kambi ina karatasi?

Kabla ya kufika huko, meneja alijaribu njia nyingine. Alimwambia baba kwa simu kwamba hapo ni mahali pa kupiga kambi tu, si makazi, kwa hiyo sheria ya makazi haimhusu. Hoja hii si ya kupuuzwa, kwa sababu ingekuwa kweli, kambi ingeweza kuwakataa watoto bila kuhesabu asilimia yoyote. Mtu anayeegesha siku mbili akielekea Grand Canyon si mkazi. Lakini mahakama zimekuwa zikiangalia vitu viwili: je, mtu amekusudia kukaa muda wa kutosha, na je, anapaona kuwa ni mahali pake pa kurudi? Mwaka 1990 mahakama ya rufaa ya shirikisho ya eneo la tatu iliamua, katika kesi ya Columbus Country Club ya Pennsylvania, kwamba hata vijumba vya kukaliwa miezi ya joto pekee ni makazi chini ya sheria hii. Familia yetu hii inapokea barua hapo, inalipa kodi ya mwezi, imeweka dipoziti, na basi la shule linasimama mbele ya lango. Tena kambi yenyewe, kwa kujiita makazi ya wazee kwenye mkataba, imekwisha kukiri kwamba sheria inaihusu. Hoja hiyo tuliiweka kando mapema.

Baba naye alikuwa na hoja mbili. Ya kwanza aliipata kwa dereva mwenzake: kwamba ile asilimia 20 inayobaki ni haki ya familia zenye watoto. Si hivyo. Asilimia 20 ni nafasi aliyoachiwa mwenye kambi, kwa mfano kwa ajili ya mjane wa miaka 50 aliyefiwa na mumewe wa miaka 70. Mwenye kambi anaweza kuikatalia familia hata kama asilimia hiyo haijajaa. Nimewasikia watu wengi wakiitegemea hoja hii, na inawaponza.

Hoja yake ya pili ilikuwa nzito zaidi, na aliifikiria mwenyewe.

“Kaka, mwezi wa saba nilihesabu,” aliniambia. “Wazee wote walikuwa wameenda. Waliokuwepo ni sisi, mafundi wa ujenzi na wauguzi wa mkataba. Hiyo asilimia 80 ilitoka wapi?”

Alihesabu vizuri, ila kanuni inahesabu vingine. Nyumba ambayo mwenyewe hayupo kwa muda huhesabiwa kuwa inakaliwa na mzee, mradi aliishi humo katika mwaka uliopita na ana nia ya kurudi mara kwa mara. Katika kambi hii wazee wengi wana vijumba vile vya futi za mraba zisizozidi 400, vyenye magurudumu yaliyofichwa kwa uzio wa mbao, ambavyo havitoki mahali pake. Vilifungwa Aprili, vikafunikwa madirisha kwa karatasi ya foili, na vyote vilikuwa vikihesabiwa. Nafasi tupu ambazo magari yameondoka kabisa haziingii upande wowote wa hesabu. Baada ya maelezo hayo baba alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kuna chochote kilichobaki.

Kilikuwepo. Lile sharti la nia halipimwi kwa kibao wala kwa ukurasa wa tatu wa mkataba peke yake. Kati ya mambo yanayoangaliwa ni vitendo halisi vya makazi yenyewe, na kama taratibu zinafuatwa kila wakati. Kambi inayowapokea watoto kila Mei na kuwafukuza kila Oktoba inajitafunia kinga yake yenyewe. Familia ya kiangazi inaleta fedha, lakini kila familia inayoingia kwa njia hiyo ni ushahidi kwamba sera haifuatwi. Na sisi tulikuwa na ujumbe wa Juni.

Tukaandika barua fupi kwa Kiingereza. Haikuwa na lawama wala kitisho. Iliomba jambo moja: muhtasari wa uchunguzi wa umri wa wakazi. Kanuni inasema muhtasari huo uwe wazi kwa mtu yeyote anayeuomba kwa taarifa ya muda wa kuridhisha. Mtu yeyote, hata asiye mpangaji. Ningependa kila familia inayopokea notisi kama hii ianzie hapo, kabla ya kufunga virago na kabla ya kupayukiana na meneja.

Meneja alituita ofisini wiki iliyofuata. Alikuwa na faili, na faili lilikuwa zuri. Uchunguzi ulikuwa wa mwaka uliotangulia, idadi ya nyumba zinazokaliwa imeandikwa, na zenye mtu wa miaka 55 zilizidi asilimia 80 kwa mbali. Nilimtafsiria mama mstari kwa mstari. Tulipotoka nje niliwaambia ninavyoona. Sharti la kwanza kambi imelitimiza, la uhakiki pia. La nia lina doa, lakini familia mbili au tatu za kiangazi katika kambi ya mamia ya nafasi si rahisi kumshawishi hakimu kwamba makazi haya si ya wazee. Mkishitaki kwa ajili ya kubaki, nadhani mtashindwa.

Mama aliumia sana kuyasikia hayo. Kwao, na kwangu pia, mzee kukaa na wajukuu ndiyo heshima ya uzee, na kambi nzima ya mababu isiyotaka sauti ya mtoto ilikuwa kwake jambo lisiloingia akilini. Nilimwelewa. Hata hivyo nilikuwa nimezungumza na jirani yao, mzee kutoka Iowa, ambaye ndiye aliyelalamika ofisini juu ya baiskeli za watoto. Aliuza nyumba yake baada ya mkewe kufariki, akanunua kijumba pale na kukodi ardhi kwa sababu ya ule utulivu. Sehemu kubwa ya alichobaki nacho iko hapo. Kambi ikipoteza kinga, kijumba hakihamishiki kwa urahisi, na ahadi aliyoinunua imekwisha. Hakuwa na chuki na watoto wale, aliwataja kwa majina. Msimamo wake ulikuwa kwamba hawapaswi kuishi pale, na haukubadilika. Sioni kwamba alikosea kudai alichouziwa. Aliyewauzia watu wawili kitu kimoja, mmoja kwa msimu wa baridi na mwingine kwa msimu wa joto, ni mwenye kambi.

Kwa hiyo tulibadilisha tunachodai. Badala ya kubaki, muda na fedha.

Arizona ina sheria yake kuhusu kukodisha nafasi za matrela kwa muda mrefu, lakini inawalinda wanaokaa zaidi ya siku 180 mfululizo, na mkataba wao wa mwezi kwa mwezi ulikuwa haujafika hapo. Nimewahi kuona mikataba iliyokatwa kwa makusudi kabla ya siku hizo, na anayetafuta mahali aiangalie tarehe kwa makini. Hatukuwa na nguvu upande huo. Nguvu ilikuwa kwenye ule ujumbe wa simu na kwenye haki ya kulalamika HUD. Mtu ana mwaka mmoja tangu tukio kupeleka malalamiko, halipi chochote, na ana miaka miwili kwenda mahakamani mwenyewe. Kumlipizia kisasi mtu aliyelalamika ni kosa jingine la peke yake.

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wa karata. Baba alitoka safarini Texas moja kwa moja na kuja na nguo za kazi. Alimwambia meneja taratibu. “Mama, mimi sikukuficha watoto wangu. Ulipokea fedha yangu ukiwaona. Sasa usinitoe katikati ya shule.” Nilitafsiri hivyo hivyo bila kupunguza, kisha nikaweka nakala ya ujumbe wa Juni mezani. Meneja aliusoma, akatoka nje na kumpigia mwenye kambi. Alirudi na ofa ambayo, baada ya kuvutana kidogo, iliandikwa na kusainiwa: wabaki hadi mwisho wa likizo ya Krismasi, dipoziti irudi yote, kambi ilipie gari la kuvuta trela hadi mahali papya, na barua ya marejeo iseme kwamba walikuwa wakilipa kodi kwa wakati. Nilisisitiza barua hiyo, kwa sababu bila marejeo kambi nyingine isingewapokea.

Lililobaki ni shule, na hapa familia nyingi hupoteza haki bila kujua. Sheria ya McKinney-Vento ya 1987 inawahesabu watoto wanaoishi kwenye kambi za matrela kwa kukosa makazi mengine ya kufaa kuwa ni watoto wasio na makao. Mama alikataa kusikia. “Kaka, sisi tuna makao, trela ni letu.” Nilimweleza kwamba jina hilo haliandikwi kwenye cheti cha mtoto, linafungua milango tu. Mtoto anaandikishwa papo hapo hata bila cheti cha kuzaliwa wala uthibitisho wa anwani, anaweza kubaki shule yake ya awali familia ikihama, na wilaya inampatia usafiri. Kila wilaya ya shule ina mtu maalumu wa kazi hiyo. Tulikwenda kumwona pamoja. Aliuliza maswali ya namna walivyotoka kwenye apatimenti, akaandika, na mwezi Januari basi likaanza kuwafuata watoto kwenye kambi mpya. Wote watatu wako shule ile ile.

Kambi mpya ni ya watu wa rika zote, mbali zaidi na kazi ya mama, na kodi yake iko juu kidogo. Trela lilipovutwa, bomba la maji taka lilivunjika kiungo na baba akalitengeneza mwenyewe usiku akiwa na tochi mdomoni. Kuhusu malalamiko HUD, hawajaamua. Muda wao wa mwaka mmoja unahesabiwa tangu ile notisi ya Oktoba, na tarehe ya mwisho nimewaandikia kwenye kalenda ya jikoni.

Walipohamia walipewa karatasi ya kanuni, wakaniletea niisome. Kanuni mojawapo inasema mtoto wa chini ya miaka 14 asiwe nje ya trela bila mzazi baada ya saa kumi na mbili jioni, na nyingine inakataza watoto kuendesha baiskeli ndani ya kambi. Kambi hii haina kinga ya wazee na haidai kuwa nayo. Mwaka 2003 mahakama ya shirikisho California, katika kesi ya Plaza Mobile Estates, iliona kanuni pana za kuwabana watoto kuhusu mambo kama bwawa na baiskeli kuwa ni ubaguzi kwa familia. Barua ya kuomba kanuni hizo mbili zifutwe imeshaandikwa, na safari hii baba aliitunga mwenyewe, nami nikasahihisha tahajia tu.